Wapangaji wa Nguzo: Kutoka Kilindini hadi Laropi

     

Mazungumzo ya leo yanahusu bahari. Huenda mtu akauliza: bahari inawahusu nini watu wa West Nile, huku Uganda? Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100. Wengi wetu huku hatujawahi kuiona bahari hata mara moja.

Swali ni zuri, na jibu lake linapita Koboko kila siku. Litazame lile lori linalopanda kuelekea Oraba mpakani, na Sudan Kusini. Tazama marobota ya mivumba sokoni Arua. Tazama tangi la bodaboda: sehemu kubwa ya petroli inayochomwa Uganda iliingia kupitia bandari ya Mombasa, ikapakuliwa melini, ikaanza safari ya kuja huku. Meli ile ilifungwa kamba penye kitu kilichojengwa ndani ya maji: ukuta wa gati, au nguzo za chuma kama zile za kituo kipya cha mafuta cha Kipevu kilichofunguliwa mwaka 2022. Mzigo wenyewe kila mtu anaujua. Je, ni nani aliyewahi kuinama akaitazama nguzo?

Hilo ndilo jambo la leo. Mtu akiweka kitu kigumu majini, iwe jiwe, chuma, mbao au saruji, kitu hicho hakikai kitupu. Viumbe huja, hushika, hujenga, huzaa. Kila anayejenga majini huwajengea na wengine, apende asipende. Naomba neno hilo mlishike, kwa sababu tutalirudia. Tutaanza Mombasa, kisha tutarudi nyumbani, kwenye mawe ya mto Nile, ambako jambo hili linagusa hata macho na matumbo yetu.

Twende basi Mombasa, kwenye bandari ya Kilindini.

Mto wetu hupanda wakati wa mvua na kushuka wakati wa kiangazi. Bahari haifanyi hivyo. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Zikija siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Chukua watu wazima wawili, msimamishe mmoja juu ya mabega ya mwingine: kimo hicho ndicho kinachofunikwa na kufunuliwa, asubuhi na jioni. Kwa hiyo nguzo ya bandarini ni kama nyumba ya ghorofa. Ghorofa ya juu hupata jua kali na matone ya mawimbi tu. Ya katikati hulowa na kukauka. Ya chini haijawahi kuonja upepo.

Nani anakaa wapi? Juu kabisa wapo konokono wadogo, wanaovumilia joto na kiu kwa kujifungia ndani ya makombe yao. Chini yao kuna mkanda mweupe, unaoonekana kwa mbali kama chokaa iliyorashiwa. Ukikaribia unagundua kwamba si chokaa ya fundi. Ni vijumba, maelfu kwa maelfu, kila kimoja mfano wa kimlima kidogo chenye tundu kileleni, na ukingo wake unakata mguu kama wembe. Chini ya hapo wamejazana chaza, wamegandamana na nguzo na wao kwa wao. Ukishuka zaidi, pale maji yasipopungua, rangi zinaanza: sifongo za manjano na za zambarau, mwani, matumbawe laini, minyoo yenye vishungi kama manyoya, na vifuko laini ambavyo ukivibonyeza hutema maji. Katikati yao wanapita kaa. Pweza amejibana mahali penye ufa. Samaki wadogo wamejificha wakubwa wasiwaone.

Turudi kwenye vile vijumba vyeupe, kwa sababu anayekaa ndani ana habari ya kushangaza. Watu wengi humdhani ni ndugu wa konokono au wa chaza. Sivyo. Ni ndugu wa kaa na kamba. Utotoni huogelea huru akipelekwa na mkondo. Akikaribia kukua, huacha kula na kuanza kutafuta makao. Hulitembelea jiwe au nguzo akiigusagusa kwa vipapasio vyake, kama mtu anayekagua kiwanja kabla ya kulipa. Anapima: pana ukwaru? Pana wenzake? Akiridhika, huinamisha kichwa, hutoa gundi na kukigandisha kichwa hapo hapo. Basi, hahami tena maisha yake yote. Hujijengea kuta za chokaa, na maji yakijaa hufungua mlango juu na kutoa miguu yenye manyoya, akivuta chakula mdomoni kwa miguu. Maji yakipwa hufunga mlango, akabaki na tone la bahari ndani. Waswahili husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa huyu, tone lile ndilo bahari yake mpaka maji yarudi.

Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, alitumia miaka minane, kuanzia 1846, kuwachunguza hawa wenye vijumba kabla ya kuchapisha kitabu chake juu ya asili ya spishi. Miaka minane kwa mnyama asiyezidi ukucha!

Na vile vifuko vinavyotema maji? Utotoni mwao wana mkia kama wa kiluwiluwi cha chura, na ndani ya mkia mna ufito unaofanana na mwanzo wa uti wa mgongo. Kwa ukoo, kifuko kile kiko karibu na samaki, na karibu na binadamu, kuliko chaza anayekaa naye ukuta kwa ukuta.

Sasa swali la pili, msikilizaji. Viumbe hawa wana kazi gani, au wanajaza nafasi tu?

Wana kazi kubwa. Chaza na sifongo hula kwa kuchuja. Hunyonya maji, huzuia vijani na uchafu mdogo, kisha huyatoa maji yakiwa safi zaidi. Mchana na usiku, bila mshahara, nguzo iliyojaa chaza inayachuja maji ya bandari. Lakini kwa kuwa wanachuja, hubaki pia na sumu iliyomo majini. Ndiyo maana chaza wa ndani ya bandari yenye mafuta na maji machafu si chakula cha kuamini, hata akiwa mnene. Mtaalamu anayetaka kujua afya ya maji hahitaji kuanza na mashine. Anaweza kuanza na nguzo: nani yupo, nani ametoweka, nani amebaki peke yake.

Kazi yao ya pili ni kutoa makao. Mwaka 2002 meli kuukuu iliyoitwa Dania ilizamishwa kwa makusudi nje kidogo ya Mombasa, ili igeuke mwamba. Ikageuka. Viumbe wa kushika walitangulia, samaki wakafuata, na leo wapiga mbizi huenda kuitazama.

Lakini hebu tuseme ukweli wote. Wapangaji hawa hawamfurahishi kila mtu.

Muulize nahodha. Tumbo la meli likiota vijumba na mwani, meli huwa nzito majini na hula mafuta zaidi, na gharama hiyo mwishowe huongezwa kwenye bei ya mzigo. Wajenzi wa majahazi wa pwani walilijua tatizo hili karne nyingi kabla ya rangi za viwandani. Chombo kilipandishwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, kikaegemezwa kwa magogo, na maji yalipopwa kikasuguliwa tumbo na mkuku. Fundi wa kalafati alikaza pamba katika mianya ya mbao. Kisha chini kilipakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Kazi hiyo haikufanywa kwa ajili ya urembo. Walikuwa wakimzuia adui asiyeonekana.

Adui huyo ni mdudu wa mbao wa baharini. Huitwa mdudu, na kwa umbo anafanana na mnyoo, lakini kwa ukoo ni ndugu wa chaza. Makombe yake mawili yamekuwa madogo sana, yamekaa kichwani kama keekee. Huingia kwenye ubao akiwa mdogo kama punje ya mchanga, hutoboa, hukua humo humo, na ubao unaoonekana mzima kwa nje hubaki tundu tupu ndani. Nyumba zetu huku zina mchwa. Bahari ina huyu.

Mombasa upo ushahidi wake. Mwaka 1697, Ngome ya Yesu ya Wareno ilipokuwa imezingirwa na Waomani, merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome. Ililala hapo karibu miaka 280 hadi wanaakiolojia walipoifukua mwishoni mwa miaka ya 1970. Waliikuta vipi? Mbao zilizofunikwa na tope zilikuwa zimesalia. Zilizobaki wazi juu ya tope zilikuwa zimekwisha. Tope liliwanyima wadudu hewa, na hivyo sehemu ya chombo ikaokoka.

Mdudu huyo huyo alimfundisha binadamu kazi. Mhandisi Marc Brunel aliona jinsi anavyotoboa huku akizijenga kuta za tundu nyuma yake, na inasimuliwa kuwa hapo ndipo alipopata wazo la kuchimba njia chini ya mto Thames jijini London. Kazi ilianza mwaka 1825, njia ikafunguliwa mwaka 1843.

Katika karne ya 20 viwanda vilileta rangi yenye sumu ya bati, ikapakwa kwenye matumbo ya meli duniani kote. Vijumba vilikufa kweli. Lakini sumu haikukaa melini. Iliingia majini, na baadhi ya konokono wa kike wakaanza kuota viungo vya kiume na kushindwa kuzaa. Mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku, na marufuku hiyo ikaanza kazi rasmi mwaka 2008. Msikilizaji, liweke akilini jambo hili, kwa maana litajirudia tukifika nyumbani: dawa inayomwagwa majini haichagui adui.

Na je, nguzo ya saruji ni sawa na mwamba wa asili? Hapana. Ngome ya Yesu, iliyojengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, imekaa juu ya jiwe la matumbawe lililojaa mashimo, nyufa na vidimbwi. Kila shimo ni chumba, kila kidimbwi ni kisima cha kungojea maji yarudi. Ukuta wa saruji umenyooka na ni laini. Hauna kivuli wala kisima, kwa hiyo wanaoweza kuishi hapo ni wachache. Ndiyo sababu kule Sydney, Australia, wataalamu wanatundika kwenye kuta za bandari vigae vya zege vyenye mashimo na mifereji, ili viumbe walionyimwa chumba wapate chumba.

Wakati mwingine tatizo halitokani na ukuta wenyewe. Linatokana na mahali ulipowekwa. Kisiwa cha Mombasa kiliunganishwa na bara pale Makupa kwa tuta lililojengwa enzi za ukoloni. Barabara ikapita, reli ikapita, lakini maji hayakupita. Hori la Tudor na hori la Port Reitz yakatenganishwa, mkondo ukafa, na karibu yake likakua jalala la Kibarani. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja la Makupa juu ya nguzo, kusudi tuta liondoke na maji yaweze tena kupita chini. Lori lililopita juu ya daraja hilo wiki iliyopita huenda sasa liko Koboko.

Tumefika nyumbani, wasikilizaji. Kwa waliochelewa kutufungulia: tunazungumza juu ya viumbe wanaoshika vitu vigumu majini, na tumesema kwamba kila anayejenga majini huwajengea na wengine.

Je, Arua iliwahi kuwa na bandari? Ndiyo, ilikuwa nayo. Leo jina la Rhino Camp linawakumbusha wengi makazi ya wakimbizi. Wazee wanakumbuka jingine: Rhino Camp ilikuwa bandari ya stima kwenye Nile ya Albert. Pamba ilitoka hapo, na vijana waliokwenda kutafuta kibarua kusini walipandia hapo, wakapita Pakwach hadi Butiaba katika Ziwa Albert. Stima kubwa ya ziwa hilo, Robert Coryndon, ilizama Butiaba mwaka 1964, maji ya ziwa yalipofurika na kuimaliza bandari ile. Chuma chake kilibaki miaka mingi nusu ndani, nusu nje ya maji.

Katika mto Nile hutawakuta wale wa vijumba vyeupe, kwa sababu maji yetu hayana chumvi. Lakini nafasi zao hazikuachwa wazi. Nile ina chaza wake, chaza wa maji baridi, anayejigandisha kwenye mawe penye mkondo, naye yupo pia katika mto Kongo na mito mingine ya Afrika. Yupo na sifongo wa maji baridi. Huenda mvuvi amewahi kukatwa kidole na gamba la chaza huyo akadhani ni kigae cha chungu.

Lakini mpangaji aliyewatesa watu wa West Nile kuliko wote ni mwingine: usubi.

Usubi ni inzi mdogo mweusi, mwenye mgongo uliopinda. Viluwiluwi vyake havikai maji yaliyotuama kama vya mbu. Vinataka maji yanayokimbia, yenye hewa nyingi. Hutandaza uzi wa hariri juu ya jiwe au jani, hujishika hapo kwa vikulabu vilivyo mkiani, kisha hufungua pepeo mbili kichwani na kuchuja chakula kinachopita. Umeona mfanano? Ni kazi ile ile ya yule mwenye kijumba cheupe kule Kilindini: shika, kaa, chuja. Tofauti ni kwamba huyu akikua huruka, na jike lake likiuma watu huweza kueneza minyoo inayowasha ngozi usiku kucha na mwishowe kupofusha macho. Ndiyo maana ugonjwa huo huitwa upofu wa mtoni.

Aina moja ya usubi, iliyopo katika vijito vyetu, ilifanya jambo la ajabu zaidi. Watafiti walivitafuta viluwiluwi vyake kwenye mawe wasivione. Mwaka 1950, nchini Kenya, vikagunduliwa: vimejishika juu ya migongo ya kaa wa mtoni! Kaa amekuwa jiwe linalotembea. Akihama, wapangaji wanahama naye.

Sasa sikilizeni kuhusu ujenzi. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, lilizamisha maporomoko ambamo usubi alikuwa akizaliana. Lakini njia ya saruji ya kumwagia maji ya bwawa, pale maji yanapokimbia kwa kasi juu ya ukuta mgumu, inaweza kuwa zalio jipya kabisa. Na katika miaka ile ile, dawa ya DDT ilimwagwa mtoni kuua usubi. Usubi alipungua, lakini kama tulivyosema juu ya rangi za meli, dawa haikuchagua. Viumbe wengine wa mawe walikufa pamoja naye.

Leo silaha kuu ni kidonge. Kila mmoja huku anaifahamu ile fimbo ya kupimia kimo, anayokuja nayo mgawaji wa dawa kijijini ili ajue mtu ameze vidonge vingapi. Mwaka 2007 Uganda iliamua kuutokomeza ugonjwa huu, si kuupunguza tu, na katika maeneo mengi dawa ikagawiwa mara mbili kwa mwaka. Kazi hiyo imezaa matunda makubwa. Mgawaji akibisha hodi, tafadhali mfungulieni, hata kama hakuna anayewashwa nyumbani.

Na penye maji ya polepole, kwenye gati za mitumbwi za Panyimur, Rhino Camp na Obongi, kuna mpangaji mwingine: konokono anayebeba vimelea vya kichocho. Hukaa kwenye majani ya majini, kwenye mawe na hata kwenye takataka zilizotupwa ukingoni. Chupa na magunia yanayoachwa pale mitumbwi inaposhushia ni vyumba vya bure kwake. Kusafisha diko ni kumnyima chumba. Choo kilicho mbali na maji kinamnyima ugonjwa wa kubeba.

Kwa hiyo ombi la leo ni dogo. Ukifika Laropi ukingoja kivuko cha kwenda Adjumani, simama ukingoni pakavu, utazame jiwe lililo kwenye mkondo. Utaona nini kimelishika? Wazazi, waonyesheni watoto. Walimu wa Arua na Koboko, hilo ni somo la sayansi lisilohitaji kununuliwa kitabu. Na wale wanaopanga madaraja, mabwawa na gati mpya katika mto huu, waulizwe mapema, kabla saruji haijakauka: nani atakaa hapo?

Muda wetu umekwisha, wasikilizaji. Saa hizi kivuko kinavuka Laropi na malori yake. Na kule Kilindini, kama maji yameanza kupwa, wale wadogo wenye vijumba vyeupe wanafunga milango yao mmoja mmoja, kila mmoja na tone lake.